Nani Hulipia Kurudi?

Mwaka nilioacha chuo, mjomba wangu alilala ndani ya lori siku nne kwenye yadi moja nje kidogo ya Kampala. Alikuwa amepeleka vigae kutoka Mombasa. Alishusha Jumatatu, akaanza kungoja mzigo wa kurudi nao. Ijumaa broka mmoja akampigia: kuna mahindi ya kupeleka Nairobi. Alipotajiwa nauli, alidhani amesikia vibaya. Kisha akanipigia mimi.

"Mpwa, wewe si unasoma uchumi huko? Hebu niambie. Barabara ni ile ile, kilomita ni zile zile, lori ni lile lile. Kwa nini kupanda nalipwa kama mtu, na kuteremka nalipwa kama turnboi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mwaka wa pili, nimeshachora grafu za kutosha za mahitaji na ugavi, lakini hakuna mhadhara hata mmoja uliowahi kutaja lori tupu. Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Baada ya miezi michache lori liliuzwa kulipa mkopo ambao lilinunuliwa nao, karo ikaisha, na mimi nikarudi nyumbani na begi moja. Hati ya shamba la nyanya ilikuwa dhamana ya ule mkopo. Shamba liliponea chupuchupu, chuo hakikuponea.

Tangu hapo swali la mjomba limenikaa kichwani. Nimelisomea zaidi ya nilivyowahi kusomea mtihani wowote. Na nilichokuta ni kwamba swali lake ni la zamani kuliko Kenya yenyewe. Hata ningesema hivi: sehemu kubwa ya Kenya tunayoijua ilitokana na jinsi watu wengine walivyolijibu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo fumbo lilipo.

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni kama kilomita 1,170. Tuseme lori likipanda na mzigo na kuteremka tupu, gharama zote pamoja, yaani dizeli, mileji ya dereva, magurudumu na mkopo, ni shilingi 150,000. Tuseme tena kwamba likirudi na mzigo gharama inakuwa 170,000, kwa sababu lori zito hunywa dizeli zaidi na kuna watu wa kupakia na kushusha. Nambari hizi ni za mfano tu, usinishike shati. Cha muhimu ni tofauti: kubeba mzigo wa kurudi kunakuongezea gharama ya 20,000 pekee. Hizo nyingine ungezitumia hata ukirudi unabeba hewa, maana ni lazima urudi. Mzigo unaolipa vizuri uko bandarini.

Sasa broka anakuja na 30,000. Unapiga hesabu: nitabaki na 10,000. Lakini yadini mko malori thelathini, na mwenzako anafanya hesabu hiyo hiyo. Yeye atakubali 27,000. Wa tatu, 23,000. Bei inashuka hadi ile 20,000, ingawa ukigawanya gharama ya safari nzima katikati, kuteremka peke yake kunagharimu zaidi ya mara tatu ya hiyo. Hakuna aliyekuibia. Broka si mchawi. Kila mtu amefanya jambo la busara, na matokeo yake ni nauli isiyotosha kubadilisha hata tairi moja.

Halafu kuna kungoja. Ikiwa kila siku lori lisipotembea linakula 6,000 za mkopo na bima, siku nne za mjomba zilikuwa 24,000. Hata angepata ile 30,000 ya kwanza, faida ya 10,000 ilikuwa imeshaliwa mara mbili. Angeondoka Jumatatu ile ile, tupu kabisa, angepata hasara ndogo zaidi na angefika bandarini mapema kuchukua mzigo mwingine. Ndiyo maana ukisimama Mlolongo usiku unayasikia yanapita, matrela yanagongagonga kama masufuria. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilikuwa nikidhani ni uzembe, kwamba wenye malori hawajui kutafuta kazi. Kumbe mara nyingi kurudi tupu ndiyo hesabu sahihi.

Basi nani hulipia kurudi? Kwa kawaida, aliyelipia kwenda. Mwenye vigae kule Kampala analipa nauli inayotosha safari mbili, yake na ile ya hewa. Naye haitoi mfukoni mwake, anaiweka kwenye bei ya kigae. Kenya hununua kutoka nje zaidi ya maradufu ya inavyouza huko, kwa hivyo vitu vingi hupanda na vichache huteremka. Makontena mengi yanayorudishwa melini Kilindini ni matupu. Ukinunua sabuni Kitale au simu Kigali, ndani ya bei hiyo kuna lori tupu linaloteremka kuelekea baharini.

Hiyo ndiyo sehemu ya uchumi. Sehemu ya historia ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kabla ya lori na kabla ya treni, mzigo ulitembea kwa miguu. Kwenye njia nyingi mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba, kwa hivyo mpagazi ndiye aliyekuwa lori. Kichwani au begani alibeba karibu frasila mbili, kama kilo thelathini na kitu. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Mumias na Uganda ilipanda na amerikani, shanga na waya, ikateremka na pembe za ndovu. Kabla yake, Wakamba wenyewe waliziteremsha pembe hadi pwani. Msafara haukurudi tupu. Nguo zilipungua njiani kwa kulipia chakula na hongo, na mabega yaliyobaki wazi yakabebeshwa pembe. Biashara hiyo ilikuwa na ukatili wake, na njia hizo za bara waliteremshiwa pia watu waliotekwa. Nasema tu kwamba mizani ya kwenda na kurudi ilikuwepo, na iliyoishikilia ni pembe.

Halafu Waingereza wakajenga reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani, mahali tunapoita Kisumu leo, Desemba 1901. Iligharimu kama pauni milioni 5.5 za walipa kodi wa Uingereza. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Shuleni tulifundishwa habari za simba wa Tsavo. Hatukufundishwa kwamba treni ilipokamilika ilikuwa na shida ile ile ya mjomba: ilipanda na vitu, lakini ingeteremka na nini?

Ndovu walikuwa wameshawindwa sana. Kahawa ya kusafirisha ilikuwa haijakuwepo. Watu waliokaa kando ya reli walilima chakula chao na kufuga ng'ombe wao, na hawakuwa na sababu ya kupeleka mtama London. Behewa likishusha mzigo wa serikali huko juu, lilirudi pwani likivuma. Na nyuma ya behewa hilo kulikuwa na deni na maswali ya Bunge la London.

Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna hapa hadi 1904, alikuwa na jibu lake: leta walowezi wa Kizungu, wape ardhi ya nyanda za juu, walime vitu vya kuuza nje, reli ijilipe. Sheria ya ardhi ya 1902 ikafungua mlango. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa kwenye mkataba wa kuwahamisha kutoka Bonde la Ufa, nusu Laikipia na nusu kusini, na maneno ya mkataba wenyewe yanasema wazi kwamba wanaondolewa karibu na reli na ardhi itakayofunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine: hata Laikipia watoke. Wakaenda kortini, na 1913 kesi yao ikatupwa.

Nimeusoma mkataba wa 1904 mara kadhaa. Kila nikifika hapo kwenye reli, naona behewa tupu. Sisemi ardhi ilichukuliwa kwa sababu hiyo tu. Kulikuwa na tamaa, ubaguzi, siasa za London. Lakini deni la reli lilikuwa hoja iliyowekwa mezani hadharani, na hoja hiyo ilisema: lazima kitu kiteremke.

Ardhi peke yake haiteremshi kitu, inataka mikono. Kukaja kodi ya nyumba, iliyomlazimu mtu atafute pesa taslimu. Baada ya Vita vya Kwanza kukaja kipande, kile cheti cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mahindi, mkonge na kahawa za walowezi zikaanza kuteremka. Magadi nayo ikajengewa tawi lake la reli, lililokamilika 1915. Nyingine zikafika Thika 1913, Eldoret 1924. Reli ilifika Kampala mwaka 1931.

Hapa ndipo nauli inapoingia, na hapa ndipo nilipomwelewa mjomba. Reli iliweka viwango viwili. Bidhaa kutoka nje zilipopanda zilitozwa nauli ya juu. Mazao ya nchi yalipoteremka kwenda kuuzwa ng'ambo yalitozwa nauli ya chini, na mahindi yalipendelewa zaidi. Ukitumia hesabu yetu ya yadini, ni busara tupu: behewa linateremka hata hivyo, basi libebe mahindi kwa bei yoyote inayozidi gharama ya nyongeza. Mkulima wa mahindi Trans Nzoia alikuwa akipewa bei ya broka wa Kampala.

Lakini mtu alilipia tofauti. Alikuwa ni yule aliyenunua nguo na baiskeli kule juu, kwa nauli ya kupanda. Alikuwa pia mkulima wa pamba wa Uganda, ambaye zao lake liliteremka kwenye reli ile ile kwa nauli kubwa kuliko mahindi, kwa sababu pamba ilikuwa na thamani na ingeweza kuvumilia. Mkulima huyo alikuwa Mwafrika. Mlowezi alikuwa na viti kwenye mabaraza yaliyozungumza habari za reli. Hesabu ya kurudi tupu inakuambia tu kwamba lazima mtu alipe. Haikuambii ni nani. Hilo huamuliwa na aliye na kiti mezani.

Na lori? Lori lilipotokea, liliharibu mpango. Mwenye lori hana haja ya kubeba mahindi ya nauli ya chini, yeye hunyakua nguo na sigara zinazolipa vizuri na kuiachia reli magunia. Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilipitisha sheria ya kuzuia magari kubeba mizigo ya biashara kati ya Mombasa na Nairobi. Barabara ilikuwepo, magari yalikuwepo, lakini mzigo ni wa treni. Lami kamili kutoka Nairobi hadi Mombasa tulikuja kuiona baada ya uhuru.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, reli ya pamoja ilikatwa vipande na ikaanza kuzeeka vibaya. Mzigo ukahamia barabarani. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na mimi nalihesabu kuwa jibu safi kuliko yote kwa swali la mjomba: bomba halirudi. Lori la mafuta ndilo mfano mbaya kabisa, kwa sababu tangi lililobeba petroli haliwezi kuteremka na chai. Litarudi tupu daima. Bomba hupeleka mafuta na kukaa pale pale.

Lakini huwezi kupitisha vigae kwenye bomba. Kwa hivyo ukaja wakati wa akina mjomba: maelfu ya watu wenye lori moja, mawili, matatu, kila mmoja na mkopo wake. Hapa kuna tofauti moja kubwa na reli ya zamani. Reli ilikuwa na mwenyewe mmoja aliyeamua nauli za pande zote mbili. Ikipunguza huku, inapandisha kule. Mwenye lori hana mkono upande wowote. Kule juu anashindana na malori thelathini. Bandarini anashindana na mengi zaidi. Nauli ya kupanda ikishuka kidogo tu, hakuna tena wa kulipia kurudi isipokuwa yeye mwenyewe.

Sheria nazo hazimsaidii sana. Lori lenye leseni ya kubeba mizigo ya kupita kwenda nchi jirani, yale yaliyoandikwa ubavuni, haliwezi tu kusimama Nakuru na kuchukua magunia ya viazi hadi Mombasa. Forodha wanaogopa, na si bure, kwamba mzigo wa Uganda usiolipiwa ushuru utashushwa njiani. Kwa hivyo lori linapita tupu mbele ya mkulima anayelia hakuna usafiri.

Kisha, Januari 2018, treni ya mizigo ya SGR ikaanza. Ilijengwa kwa mikopo ya zaidi ya dola bilioni 3 kutoka China, na mkataba wa 2014 uliifanya bandari iahidi kuipa reli kiasi fulani cha mzigo, na kulipia pengo kikikosekana. Reli mpya, deni jipya, behewa linalotaka kujazwa. Unajua kilichofuata, labda ulikuwa sekondari kama mimi au umemaliza tu. Makontena ya Nairobi yaliagizwa kupanda treni, mwenye mzigo atake asitake. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana, maana si madereva pekee waliokosa kazi. Kuna wenye maghala, mafundi wa tairi, mama wa chapati pale Mariakani. Agizo lilipingwa barabarani na kortini, na Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli hizo zinarudi Mombasa.

Weka 1904, 1931 na 2018 kwenye mstari mmoja. Kila mara kuna reli iliyojengwa kwa deni, na kila mara mzigo haukuja wenyewe, ukaletwa kwa amri. Mara ya kwanza amri iliwahamisha watu, mara ya pili iliwazuia wenye magari, na mara ya tatu iliyahamisha makontena. Silinganishi ukubwa wa madhara, kupoteza Laikipia si sawa na kupoteza kandarasi. Ninalinganisha swali, na jinsi linavyojibiwa bila kumuuliza atakayelipa.

Na sitaki kumsingizia mtu kwa yaliyotupata nyumbani. Lori la mjomba lilikuwa kuukuu, riba ilikuwa kali, na yeye mwenyewe alikuwa na imani moja mbaya: kwamba kurudi tupu ni aibu. Alingoja siku nne kwa sababu hakutaka kuonekana akiteremka na trela inayogongagonga. Laiti ningelijua hili wakati ule ningempigia Jumatatu jioni nimwambie, mjomba, washa gari uje. Sijui kama lingeliokoa lori. Lingeokoa siku nne.

Siku hizi kuna programu za simu zinazounganisha malori na mizigo. Ni nzuri, zinapunguza mabroka na siku za kungoja. Ila programu hukutafutia mzigo uliopo. Bara likiwa linanunua vingi na kuuza vichache, malori mengi yatarudi tupu hata kila dereva akiwa na simu ya bei. Dawa ya kweli ni vitu vya kuteremka: viwanda kule juu, mazao yaliyosindikwa, chai na kahawa zaidi ya tulizo nazo. Hilo Eliot alilijua pia. Alichokosea ni kuamini kwamba mwenyeji wa pale si mtu wa kuulizwa.

Mjomba sasa anaendesha lori la mtu mwingine, analipwa kwa mwezi. Mwezi uliopita nilimpigia, nikamweleza yote haya, kuanzia frasila hadi SGR. Alikuwa Malaba kwenye foleni. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Kwa hivyo nilikuwa sawa," akasema. "Barabara si ile ile."

Nikamuuliza amebeba nini. Akacheka. "Hewa, mpwa. Lakini leo si yangu. Mwenye gari ndiye anayeilipia."